Kaa la Mtani

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitikia kama watu waliolala njaa, na ugali wangu mmeumaliza mpaka ukoko. Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na mlima.

Na mlima ukawa na moshi.

Na moshi una mwenyewe. Haya, hapo sawa. Sogeeni jikoni, giza halijaingia bado. Kibwana, toa mguu kwenye kuni.

Mwanne, hebu lete hilo jiwe uliloliokota kijitoni ulipokuwa unasugua sufuria. Lete, silili. Macho yangu yamechoka lakini rangi bado naziona. Upande huu ni mwekundu, upande huu ni wa kijani, na katikati hakuna mshono. Wachimbaji wa kule bondeni wanaliita tikiti maji. Wale kila kitu wanakiita chakula, kwa sababu hawapiki. Bibi yangu mimi aliliita jina lingine, na jina hilo nitawapa mwishoni, yule atakayekuwa hajalala.

Basi. Hapo zamani, katika milima hii hii yetu ya Uluguru, moto ulikuwa haununuliwi. Moto ulifuatwa. Na mimi nimeukuta wakati huo mwishoni mwake, msidhani nawadanganya. Kibiriti kilikuwepo dukani, lakini nani alihangaika nacho? Asubuhi mama alikuwa ananiambia, "Tazama ni nyumba ya nani inatoa moshi, ukafuate moto." Nilikuwa nakwenda na kigae changu. Nikifika nilikuwa naulizwa mmeamkaje, mama hajambo, mgongo wa babu vipi, napewa ndizi ya kuchoma, ndipo napewa kaa la moto. Jua likipanda, kijiji kizima kilikuwa kinajua nani anaumwa na nani amejifungua. Siku hizi kila mtu anajiwashia chake. Mtu anaumwa wiki nzima, nasi tunapata habari msibani.

Naupenda sana wakati ule. Acha niseme tu, naupenda.

Basi, katika kijiji kimoja kilichoitwa Kibungule palikuwa na msichana, jina lake Sikudhani. Umri wake kama wako, Mwanne, meno ya mbele yameshaota yote. Baba yake alikuwa amekwenda pwani kufuata chumvi. Nyumbani alibaki na mama yake, Siwema, naye Siwema alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia.

Siku moja mvua ikaanza. Siku ya kwanza ikazima moto wa uani. Siku ya tatu ikazima moto wa vibarazani. Siku ya saba ikapita kwenye nyasi za paa, ikashuka mpaka kwenye mafiga, ikazima moto wa ndani. Kijiji kizima kikabaki na majivu majimaji.

Na siku hiyo ya saba ndiyo Siwema akajifungua mtoto wa kiume.

Mnajua baridi ya huku juu. Mtoto mchanga bila moto hafiki mbali. Siwema akamkumbatia, akamfunika kwa kaniki, akampulizia pumzi yake. Mtoto akazidi kupoa. Hata kulia aliacha.

Watu wakatoka nje kutafuta moshi. Wakatazama chini bondeni, hakuna. Wakatazama ng'ambo, hakuna. Wakatazama juu kabisa kileleni, wakauona moshi mmoja, mnene, umesimama wima.

Moshi ule ulikuwa wa zimwi. Jina lake Dundumbwe. Zimwi hilo lilikuwa linakula watu.

Basi, akasimama mtu mmoja, Mkude, mwenye nguvu kuliko wote. Akasema, "Mimi nakwenda." Akachukua mkuki wake, akapanda. Akalikuta zimwi limekaa kwenye jiko lake, mafiga yake makubwa kama vibanda vya kuku.

"Zimwi! Nipe moto!"

Zimwi likauliza, "Wewe nani kwangu?"

"Mimi si kitu kwako! Mimi ni mwenye mkuki!"

"Kama si kitu kwangu, u chakula." Zimwi likammeza, gugu! Yeye na mkuki wake.

Wakamngoja Mkude, hakurudi. Akasimama mwingine, Kobero, mwenye mbuzi wengi. Akasema, "Mambo haya hayataki nguvu, yanataka unyenyekevu." Akachukua beberu mnono, akapanda. Alipofika akapiga magoti, akalia machozi.

"Bwana mkubwa, naomba moto, nimekuletea mbuzi."

Zimwi likauliza, "Wewe nani kwangu?"

"Mimi mtumwa wako, bwana. Mimi ni vumbi la miguu yako."

"Vumbi halioti moto." Zimwi likammeza, gugu! Yeye na beberu wake, na kamba ya beberu.

Wakamngoja Kobero, hakurudi. Basi Sikudhani akasimama. Mama yake akamshika nguo.

"Usiende, mwanangu. Nimezaa leo mmoja, sitaki kupoteza wawili."

"Mama, mshike mkono mdogo wangu. Umeshika? Umepoa. Naenda."

Akapita nyuma ya nyumba, akachuma jani bichi la mgomba, akalikunja kwapani, akapanda mlima.

Njiani alikuwa anaogopa, nisiwafiche. Lakini alikuwa anakumbuka neno la mjomba wake. Mjomba huyo alikuwa mtu wa safari, na alizoea kumwambia hivi: "Sikudhani, ukikutana na mtu usiyemjua, kabla hujakimbia, tafuta utani."

Na nyinyi watoto wa mjini, utani mnaujua? Si kuchekana tu. Watu waliopigana zamani mpaka wakachoka, walikaa chini wakasema, sasa basi, hatuuani tena, kuanzia leo tutatukanana tu. Mtani anaweza kuingia kwako akachukua kuku, na wewe usikasirike. Anaweza kukuambia una sura mbaya mbele ya wakwe zako, na wewe ucheke. Na siku ukifa, mtani ndiye anayeruka kaburini, analala humo, anasema, "Sitoki mpaka mnilipe!" Watu wanalia huku wanacheka. Akishalipwa anatoka, anakuzika. Hivyo ndivyo tulivyokuwa.

Basi, Sikudhani akafika. Zimwi likageuza kichwa.

"Wewe nani kwangu?"

 Sikudhani akasema, "Mimi ni mtani wako."

Zimwi likakunja uso. "Mtani? Mtani ni mdudu gani?"

"Hee! Mzee mzima hujui mtani? Hebu nikuulize. Babu zako waliwala babu zangu?"

"Waliwala," likasema zimwi. "Walikuwa watamu."

"Na babu zangu waliwachoma moto babu zako?"

"Waliwachoma. Pale chini ya genge la mawe. Nilikuwa mdogo, niliona."

"Kwa hiyo tulipigana?"

"Tulipigana."

"Tukachoka?"

Zimwi likatazama moto wake.  "Wenzangu sijui," likasema. "Mimi nimechoka."

"Basi sisi ni watani. Na mtani haliwi."

Zimwi halikufungua mdomo kummeza. Sikudhani akaiona nafasi hapohapo, akaingia kazini.

"Na kwa kuwa u mtani wangu, acha nikwambie ukweli ambao wengine wanakuficha. Hayo masikio yako mtu anaweza kupepetea mpunga wa kijiji kizima."

Zimwi likashtuka. Tangu lizaliwe hakuna aliyewahi kuliambia neno kama hilo. Kitu kikasogea tumboni mwake. "He," likasema.

"Na hiyo pua. Mvua hii yote imenyesha, wewe hukuzama?"

"He he," likasema zimwi, na beberu akachomoza mdomoni mwake, na nyuma ya beberu Kobero, ameshika kamba.

"Na hilo jina, Dundumbwe. Mama yako alikuwa anakuita, au alikuwa anaangusha vyungu?"

Akacheka! Dundumbwe alicheka mpaka mlima ukatikisika. Alicheka akapiga mapaja, akalala chali, akainuka, akacheka tena. Mkude akatoka na mkuki wake, ameloa chapachapa. Yeye na Kobero wakashika njia wakakimbia. Hawakusema asante. Hata kumwambia yule mtoto "twende" hawakumwambia.

Nini, Kibwana? Nimekosea? Unasema mwanzo nilisema "likasema", na sasa nasema "akacheka"? Masikio yako yako wazi kumbe, leo utapata ndizi mbili. Sijakosea. Lilikuwa "li" wakati lilikuwa zimwi. Akishakuwa mtani wako si "li" tena, ni "a". Bibi yangu alisema hivyo, na mimi nasema hivyo. Tuliza roho, neno hilo bado lina kazi.

Basi, Sikudhani akasema, "Mtani, nachukua moto. Siombi, nachukua."

Dundumbwe akasema, "Chukua, mtani." Alilisema lile neno polepole, kama mtu anayeonja chumvi.

Sikudhani akatandika jani bichi, juu yake majivu, juu ya majivu kaa moja jekundu, akafunga. Alipotaka kuondoka, Dundumbwe akauliza, "Na mimi je? Utani ni wa upande mmoja?"

"Hapana. Siku moto wako ukizimika, njoo kwangu. Nyumba ya tatu, yenye mgomba nyuma. Usiombe. Imba tu wimbo huu, nitafungua."

Akamfundisha:

*Mtani, mtani, fungua,*
*moto wangu umelala,*
*nami nina baridi.*

Akaimba mara tatu mpaka Dundumbwe akaushika. Na Dundumbwe alipokuwa anauimba alikuwa bado anacheka, machozi ya kucheka yanamtoka, makubwa kama ndoo. Machozi yale yalikuwa yanaangukia wapi? Jikoni mwake. Tsss. Tsss. Yeye hakuona. Alikuwa anajifunza wimbo.

Sikudhani akashuka mbio. Akafika nyumbani, akapuliza, moto ukashika. Mama akamsogeza mtoto. Wakangoja. Mtoto akafungua mdomo akalia, kilio kikali hasa, na Siwema naye akalia kwa furaha. Asubuhi kijiji kizima kilikuja kwa Sikudhani na vigae vyao. Mkude alikuja. Kobero alikuja. Wote walichukua moto, wakapika, wakashiba.

Watu wakishashiba ndipo wanapoanza maneno.

Mkude akasema, "Zimwi lile litashuka. Likishuka, mtu asifungue."

Sikudhani akasema, "Lakini mimi nimemwahidi."

Kobero akacheka. "Umemwahidi nani? Hicho si kitu cha kusema 'nimemwahidi'. Sema 'nimeliahidi'." Wakacheka wote, na watoto wenzake wakacheka. Mtoto ni mtoto. Sikudhani akaona haya. Siku hiyo alipokuwa anateka maji, rafiki zake wakamwuliza habari za kule juu, naye akasema, "Aa, lile zimwi? Lina masikio makubwa."

Akalisema lile "li", wajukuu zangu. Alilisema.

Basi, asubuhi ya tatu ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Watu wakasikia nyayo. Nzito, lakini zinakanyaga taratibu, za mtu anayejihadhari asivunje vitu vya wenyewe.

Nyayo zikafika nyumba ya kwanza, kwa Mkude.

*Mtani, mtani, fungua,*
*moto wangu umelala,*
*nami nina baridi.*

Mkude akapiga kelele ndani, "Limekuja! Limekuja!" Akaegemeza mkuki mlangoni.

Nyayo zikafika nyumba ya pili, kwa Kobero.

*Mtani, mtani, fungua,*
*moto wangu umelala,*
*nami nina baridi.*

Kobero akapiga kelele, "Limekuja! Limekuja!" Akasukuma kinu mlangoni.

Nyayo zikafika nyumba ya tatu, yenye mgomba nyuma. Sikudhani alikuwa amekaa jikoni. Moto ulikuwa mbele yake, unawaka vizuri. Kutoka pale mpaka mlangoni ni hatua nne. Mlango wenyewe ulikuwa wa mianzi, Dundumbwe angeweza kuuondoa kwa kidole. Hakuugusa.

*Mtani, mtani, fungua,*
*moto wangu umelala,*
*nami nina baridi.*

Siwema akamkumbatia mtoto, akanong'ona, "Nyamaza, mwanangu. Litaondoka."

Sikudhani akanyamaza.

Dundumbwe akaimba tena. Sikudhani akanyamaza.

Akaimba mara ya tatu, na sauti ilikuwa imekwisha, ule mstari wa mwisho hakuumaliza. Sikudhani akanyamaza.

 Halafu wakamsikia anasema peke yake nje, taratibu, "Labda nimekosea nyumba."

Nyayo zikaondoka.

Siwema akashusha pumzi. "Limeondoka," akasema.

Sikudhani akamtazama mama yake. Akamtazama mdogo wake, amelala, mashavu yana joto. Akasema, "Mama, *ameondoka*."

Akaruka. Akachuma jani bichi, akatia majivu, akatia kaa jekundu kuliko yote, akafunga, akatoka mbio. Watu wakamwita kutoka madirishani, hakugeuka. Alikuwa anaita kwenye ukungu, "Mtani! Hukukosea nyumba! Mtani! Ni mimi niliyekosea!" Ukungu haukumjibu.

Alifika kileleni jua limeshasimama kichwani. Akamkuta Dundumbwe amekaa kwenye jiko lake, majivu yamelowa, hakuna hata cheche. Alikuwa amenyoosha mkono juu ya mafiga, kiganja wazi, kama mtu anayeota moto. Baridi ilikuwa imempanda kuanzia miguuni. Miguu imekuwa jiwe. Mapaja jiwe. Kifua jiwe. Sikudhani akamgusa shavu, jiwe.

Akaweka lile furushi la jani kwenye kiganja chake.

"Mtani, nimekuja. Chukua."

Kimya.

Sasa Sikudhani alijua kwamba mtani haruhusiwi kulia kabla hajafanya kazi yake. Akajikaza. Akasema, "Masikio hayo, mtani, nani atapepetea sasa?"  Akasema, "Pua hiyo mvua itajaa." Akashindwa. Akasema, "Dundumbwe," na pale hakuweza kuongeza kitu, maana jina lenyewe halikumchekesha tena.

Basi akafanya lililobaki. Akaingia kwenye lile jiko, akalala kwenye majivu yaliyolowa, chini ya mkono wa mtani wake.

"Sitoki hapa mpaka unilipe!"

Kimya.

"Sitoki hapa mpaka unilipe!"

Kimya.

Mara ya tatu hakupiga kelele. Alisema kidogo tu, "Sitoki, mtani. Nilipe nikuzike."

Ndipo kitu kikadondoka kutoka kwenye kile kiganja. Ko! Kikamwangukia kifuani. Akakishika. Kilikuwa kigumu na cha baridi. Lile kaa la moto na lile jani bichi vilikuwa vimeshikana vikawa kitu kimoja: upande huu wekundu wa kaa, upande huu ukijani wa jani, na katikati hakuna mshono.

Sikudhani akacheka, halafu akalia mpaka akachoka. "Umelipa," akasema. Akatoka jikoni. Akamzika mtani wake kwa mawe madogo na majani, mpaka mabegani, maana zaidi ya hapo hakufikia. Kichwa na ule mkono alionyoosha vikabaki nje. Kesho ukungu ukiinuka tazameni kule juu, lile genge lenye masikio mawili. Wageni wanapiga picha tu. Mimi nikipita huwa namsalimu.

Aliporudi kijijini hakumgombeza mtu. Alilitoa lile jiwe, akalizungusha mkono kwa mkono. Mkude akalishika, akainamisha kichwa. Kobero akalishika, akaligeuza huku na huku, akasema, "Alisema amekosea nyumba?" Mnasikia? Alisema "alisema".

Kesho yake Mkude alipanda mlima na kaa la moto ndani ya jani bichi. Akaliweka kiganjani. Likageuka jiwe. Kobero akapanda na lake, likageuka jiwe. Siwema akapanda, mtoto mgongoni, na lake likageuka jiwe. Kijiji kizima kilipanda, mmoja mmoja. Kile kiganja kikajaa mawe, mvua zikaja, zikayashusha kwenye kijito. Ndiyo haya. Kila jiwe la namna hii mnaloliona ni la mtu aliyepeleka moto akachelewa.

Bibi yangu aliliita kaa la mtani. Mwanne, jina umelipata. Kibwana, usijifanye umelala.

Tangu siku ile, katika milima hii, mtu akija kufuata moto haulizwi "wewe nani kwangu". Anapewa. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na hivyo ndivyo tulivyoacha, mmoja mmoja, kibiriti kwa kibiriti, na hakuna aliyetulazimisha.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyesikia abebe, aliyesinzia atafune mwenyewe majivu. Na funzo lake si refu: jirani akija, mpe moto wakati bado ni moto.

Haya, inukeni. Mwanne, chungulia hapo mlangoni uniambie, ng'ambo ya kijito kwa Bibi Mwajabu kuna moshi?

Hakuna. Na jana je? Nilijua. Jana haukuwepo, juzi haukuwepo. Naangalia kila siku, mnafikiri nakaa pale kibarazani kuhesabu kuku? Yule ni mtani wangu tangu tulipokuwa na meno. Tumenuniana tangu mavuno, kwa jambo ambalo nimelisahau. Sijalisahau, lakini haliwahusu.

Kachume jani la mgomba hapo nyuma. Bichi. Majivu kwanza, halafu kaa, lile jekundu pale pembeni. Funga vizuri lisikuunguze.

Nini? Ana kibiriti? Najua ana kibiriti, nilikuwepo alipokinunua. Mpelekee hivyo hivyo, wewe na Kibwana. Usibishe hodi sana, ingia. Mwambie, mtani wako anasema una sura mbaya. Akicheka, rudi uniambie amecheka vipi. Asipocheka, mtume Kibwana aniite, nitakuja mwenyewe na mgongo wangu huu.

Nenda, mjukuu wangu. Hapana, usitembee. Kimbia.